Wake Wanne Ndani ya Pipa Moja

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Gerezani, kwenye benchi la siti ya basi bovu, na jambo ambalo hatujalitatua basi jueni halijaletwa. Mimi ndiye Bwana Shamba. Jina nilijipa mwenyewe, watu walikuwa wanachelewa. Juzi asubuhi akatua Chandu, muuza spea, kikombe cha kahawa mkononi. Juu ya ghorofa yao ana mpeasi wa Kijapani kwenye pipa, ule wa matunda ya duara kama tufaha. Unachanua, maua yanapukutika, tunda hakuna. Mkewe, Jashoda, yaani Mama Khushi, kasema siku hiyo hiyo unang'olewa.

— Jamani, nauokoaje? Chandu akalia. Nimesoma mpeasi upandwe na mimea wenza. Nimeiweka!

— Wenza? akaruka Ubeid, tunayemwita Kamusi kwa kujua maana ya maneno hata yasiyokuwepo. Yaani wake wenza?

— Sijui. Nimeweka kitunguu saumu, mnanaa, na tulsi, ule mrehani anaousalia Mama Khushi asubuhi.

— Umekwisha! Hiyo mitala, Chandubhai. Bi mkubwa kasusa kuzaa!

— Hajasusa, akadakia Elimringi, Mangi wetu, fundi wa giaboksi. Nguvu hana. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Umwagilie supu ya pweza!

— Mangi, tulia, nikasema. Mimi niliwahi kupanda mpeasi Msimbazi, ukazaa mpaka basi la mwendokasi likapunguza spidi kuomba tunda. Siri ni zamu! Kila magharibi geuza pipa, kila mke apate usiku wake. Halafu wavishe kanga.

— Kanga?

— Doti nne, sare. Ukibagua mmoja, umeharibu nyumba.

Chandu kashanyanyuka kwenda kununua, mara Jashoda huyu hapa, panga mkononi.

— Shemeji, usikate! nikamwahi. Hili ni suala la ndoa, tumelimaliza.

Nikamweleza zamu, kanga, mpaka supu. Akasikiliza yote, hakucheka.

— Kwa hiyo pipani mna wake wanne?

— Wanne, shemeji.

— Tulsi yangu mumewe namjua. Kila mwaka baada ya Diwali naifungisha ndoa na mungu, ndiyo mila yetu, majirani wanakula vitamu vya ladu. Huyu mpeasi, mume wake nani?

Kamusi akainama kufunga kamba za viatu. Mangi akajikuna kidevu. Mimi nikaitazama kahawa kana kwamba imeniita.

— Chandu?

— Mama Khushi... huyu mpeasi yuko peke yake.

— Mnamgawia zamu, bwana harusi hayupo!

Akaliweka panga chini, akajipenyeza katikati yetu benchini.

— Mpigie Tejas kule Lushoto, aliyekupa mche. Mwambie tunataka mpeasi mwingine, wa ukoo tofauti, wapeane chavua. Tunaleta posa. Nani atakuwa mshenga?

Benchi zima likasimama kugombea ushenga, likambakisha yeye peke yake ameketi.