Shuka Nyeupe Mulangoni

Ndugu zangu wa kanisa hili, amani ikuwe kwenu. Munanijua mi ni mutu wa kelele, lakini leo nitasema polepole. Munivumilie.

Kule kwetu, ng'ambo ya muto Ruzizi, kijiji chetu hakikuwa na upande. Jeshi wakipita, tunawapa maji. Waasi wakipita, tunawapa maji. Vita vilipokaribia, wazee wakasema kila nyumba itundike shuka nyeupe mulangoni, wote waone kwamba hapa apana bunduki. Yetu niliifua mwenyewe. Bwana yangu akanicheka: "Mama, utafikiri tunangojea harusi!"

Wenye bunduki walifika asubuhi, watu wanakunywa chai. Mukubwa wao akauliza, "Hizi shuka ni alama ya adui zetu. Nani aliwatuma?" Tukalia: apana, apana! Ndugu zangu, nawaambia, hawakusikia. Wakafuata zile shuka, nyumba kwa nyumba. Jirani yangu walimukata na panga palepale kizingitini. Bwana yangu alisimama mulangoni, mikono juu. Wakamupiga risasi ya tumbo. Akashika shuka, ikakatika, akaanguka nayo, ikawa nyekundu yote. Mi nilikuwa na mimba kubwa. Akaniambia, "Kimbia na mutoto." Nilimuacha angali anahema.

Tulipokuwa tunavuka muto, risasi zilitufuata. Mwanamuke aliyekuwa mbele yangu alipigwa mugongoni, maji yakamubeba, na mi nikapita.

Mama mumoja wa korale hii, hawa waimbaji wetu, wa kule mutaa wa Musaga, alinikuta kambini kwa wakimbizi siku mulileta chakula, akanichukua kwake. Akanitandikia kitanda, shuka safi, nyeupe. Weee! Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja na fimbo. Sikulala, sikula. Mutoto akaacha kucheza tumboni. Nikasema, basi, na huyu wamemuua.

Yule mama hakuniuliza kitu. Alitoa shuka zote, pazia zote, akaficha. Akakaa pembeni yangu na uji: "Kunywa, dada. Kama hutaki yako, kunywa ya mutoto." Nikakunywa. Mutoto aliporusha teke, tulishikana tukalia kama wendawazimu.

Jumapili akanileta hapa kanisani. Niliogopa kuingia, maana nilisikia korale wanavaaga nyeupe. Mulango ukafunguka, mukaingia na vitenge! Kumbe yule mama aliwaomba muache nyeupe. Kijani, njano, bluu, hakuna inayofanana na ingine, utasema ni soko. Chekeni tu! Hakuna aliyenitazama kwa huruma. Muliimba tu, na mi siku ile ndo nilianza kupona.

Mutoto huyu hapa, anavuta nywele zangu. Asanteni, wamama. Asante, we wa Musaga, usijifiche nyuma ya mwenzako. Mi sina mafundisho makubwa. Mukipokea mutu aliyekimbia, musikimbilie kumuuliza aliona nini. Muangalie anaogopa nini, mukitoe mbele ya macho yake.

Jumapili ijayo mutoto anabatizwa, atachukua jina la baba yake. Korale, nawaomba kitu kimoja. Siku ile, muvae nyeupe zenu. Nitakaa mbele, na nitawatazama.