Donat na Mlango wa Tarehe 17 Januari

Wenye diploma wamejaa katika ukoo huu, lakini kalamu imesukumwa kwa Mwadi, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke aliyeishia darasa la tatu. Bon. Aliyetaka maneno ya kupakwa asali angemwomba mwingine.

Donat alizaliwa Goma, Jumanne tarehe 17 Januari 1961. Mwadi alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyechemsha maji. Mvua ilinyesha, mtoto akalia, watu wakala maharagwe yao wakalala. Hakuna aliyejua kwamba siku hiyohiyo, kule Katanga, waziri mkuu wa kwanza wa nchi alikuwa anauawa.

Donat alilijua hilo shuleni, darasa la tano. Mwalimu alipoandika tarehe ubaoni, wenzake waligeuka wote.

"Ni weye ulimuua, Donat?"

Alicheka pamoja nao, ila tangu hapo akawa anaichunga siku yake kama mtu anayechunga mbwa mkali. Tarehe 17 Januari 1991, mabomu yalianza kuanguka Baghdad. Mwaka 1994, tarehe ileile, ardhi ilitetemeka Los Angeles. Mwaka uliofuata, tena tarehe ileile, ikatetemeka Kobe, Japani. Mwadi alimkumbusha kwamba hata yule bondia mkubwa aliyekuja kupigana Kinshasa mwaka 1974 alizaliwa siku hiyo.

"Na yeye alipigwa muno mbele ya kushinda," Donat akajibu.

Alimwoa Mujinga mwaka 1986, wakamzaa Lina, wakahamia Bruseli, mtaa wa Forest, ghorofa ya tatu. Miaka ishirini alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Uccle, akiwaogesha na kuwanyoa. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kibelgiji aliyekataa kichana cha mtu mwingine yeyote, kwa sababu Donat alikipasha moto kwanza kati ya viganja vyake. Ndivyo alivyokuwa. Mkono mpole, kichwa kigumu.

Kisha ikaja tarehe 17 Januari 2002. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka mpaka katikati ya Goma, ukala nyumba ya wazazi, ukafunika na kaburi la baba. Aliyekimbia moto ule kwa miguu ni Mwadi. Donat aliuona kwenye televisheni, akiwa ameketi. Lakini Mwadi alipofika Bruseli miezi michache baadaye, aliyekuwa anatetemeka ni Donat.

Kuanzia mwaka uliofuata, kila tarehe 17 Januari alifunga mlango tangu alfajiri, akaweka ufunguo mfukoni, na wote waliokuwa ndani wakabaki ndani. Mwaka mmoja jirani yao Hassan, mtu wa Bujumbura, alipita kurudisha sufuria, akanaswa.

"Donat, fungua, niko na kazi!"

"Kesho, Papa Hassan."

"Nilikimbia vita Bujumbura, donc nikuje kufia katika gereza la Forest?"

Watu walicheka. Mujinga hakucheka. Alisimama dirishani akitazama tramu zikipita.

Tarehe 17 Januari 2012 Lina alikuwa amekuja kuwasalimu akalala hapo, mjamzito, na uchungu ukamshika asubuhi. Baba yake akasimama mbele ya mlango. "Vumilia, mutoto wangu. Kesho tu." Mwadi akatia mkono katika mfuko wa Donat, akatoa ufunguo. "Mimi nilikupokea tarehe hii hii, Donat. Toka hapo!" Akafungua. Lina akashuka ngazi, jioni akamzaa Clementina. Donat alivuta kiti, akakaa mbele ya mlango ulio wazi mpaka giza, bila kuvuka kizingiti. Tangu siku ile hakumfungia mtu tena. Alijifungia peke yake chumbani. Keki ya mjukuu ikawa inakatwa tarehe 18.

Sukari iliharibu figo zake mwaka 2015. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali, mashine imsafishe damu. Mwaka huu tarehe 17 iliangukia siku ya mashine. Mujinga aligonga mlango mpaka mkono ukavimba.

"Gari iko chini, Papa Lina!"

"Kesho, mama. Kesho nitaenda."

Na kweli, asubuhi ya Jumatano tarehe 18 Januari 2017 alifungua mwenyewe, amevaa koti na kofia. Alianguka kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Hakuamka.

Kwenye matanga mkasema: "Siku yake imemuchukua." Clementina, mwenye miaka mitano, alisikia. Akamuuliza Mwadi, anayemwita koko kama alivyomwita babu yake: "Koko, ni anniversaire yangu, siku nilizaliwa, ndiyo iliua koko Donat?"

Hapana. Siku haina mikono. Woga ulimzuia, na sisi tukamzoea.

Ameacha mke wake Mujinga, binti yake Lina, mjukuu wake Clementina, na dada yake Mwadi. Mungu ampokee, na udongo wa ugenini umlalie kwa upole.

Ninyi mliosema yale maneno mko hapa, mmevaa nyeusi. Tarehe 17 Januari mwakani njooni Forest, wote, saa nne asubuhi. Clementina atashuka barabarani siku yake ya kuzaliwa, na kila mmoja wenu atamshika mkono na kutembea naye. Asiye tayari kuja siku hiyo, leo asitupe udongo kaburini.