Sabuni Iliyoteleza Sana

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa kufanya kazi. Asubuhi hiyo kelele zilikuwa zilezile, kahawa ileile, ila Povu alikuwa kimya. Povu huyuhuyu, mpika sabuni wa uani kwao, aliyejisifu mpaka watoto wakamkimbia! Mama yake, mfuaji wa nguo za watu, alikuwa amelazwa zahanati, mikono imebabuka hadi viwikoni. Kwa sabuni ya mwanawe.

— Ni yale mafuta, akaanza Kinyozi. Umepikia mafuta yaliyokaangiwa samaki. Samaki ana sumu.

— Si tunamla kila siku? akauliza Povu.

— Tunamla, hatufui nguo naye.

— Achana na samaki, akadakia Redio, mbea asiyezimika. Ni maji ya bomba. Wanatia dawa ili tusizaane. Ikikutana na povu jingi, ngozi inalipuka.

— Povu halisafishi kitu, akasema Povu. Sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unang'ang'ania uchafu, maji yanavuta kichwa, vyote vinakwenda.

— Mkia, kichwa... kumbe nyoka! akaropoka Redio. Ndiye aliyemng'ata bi mkubwa!

Benchi zima likacheka, tofali likacheza. Povu hakucheka.

— Ni kostiki, akasema. Ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Inapimwa kwa mizani. Mimi nilichota kwa kikombe, nikajiona fundi. Ikizidi, inayobaki inatafuta mafuta mengine.

— Yapi tena? akauliza Kinyozi.

— Mama aliniambia, mwanangu, mbona hii inateleza sana mikononi? Nikamjibu, ndiyo ubora wenyewe huo, mama, wewe fua tu. Kumbe ilikuwa inakula mafuta ya ngozi yake. Ule utelezi ulikuwa mikono yake, inageuka sabuni.

Kinyozi akakohoa.

— Kijicho tu hicho, Redio akajaribu. Kuna mtu kakuona unainuka, akaitemea mate sufuria.

Dada yake Povu akatokea, macho mekundu, akitoka zahanati.

— Kaka, mama anauliza. Zile sabuni ulizopeleka stendi jana, walinunua akina nani?

Povu akajaribu kukumbuka. Sura hakuiona hata moja. Aliona viganja tu, vikitoka madirishani, na mabasi yameshaanza kusogea. Sauti moja ya kike ndiyo iliyomrudia: inafaa kuogeshea mtoto mchanga? Naye akaapa inafaa, hadi mboni ya jicho akaiapia.

— Yalikuwa mabasi ya kwenda wapi, kaka?

Povu akamgeukia Redio. Safari hii angepokea uongo wowote. Redio alikuwa amejiinamia, anazungusha kikombe kitupu.