Swali la Nyongeza la Baba Yetu

Ndugu waombolezaji, mliokaa na mliosimama, na nyinyi mliofika mkiwa mmelowa, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imenituma mimi, binti wa pili wa marehemu, nisome, kwa sababu kaka mkubwa sauti imemkauka tangu juzi, na mama ameagiza historia hii isomwe ilivyo, isipakwe rangi, maana marehemu mwenyewe alichoka kupakwa rangi angali hai.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa nne wa fundi seremala na mkewe, na alizaliwa nyumbani, upande huu wa mto, kwa sababu mto ulikuwa umefurika na zahanati iko upande ule, hivyo mkunga wake akawa shangazi yake, ambaye hadi uzee wake, kila alipoudhiwa, alimkumbusha nani aliyemkata kitovu. Alianza shule ya msingi Januari 1965, nayo iko upande ule ule wa zahanati, na mwalimu wake wa darasa, alipochoka kuandika sababu za kutofika kwake shuleni, akawa anaandika neno moja tu, maji. Alisoma sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, akajiunga na chuo cha ardhi mwaka uliofuata, na akahitimu fani ya upimaji tarehe 20 Oktoba 1978.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa kuwa mpima ardhi wa wilaya, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja, akipanda na kushuka vilima na darubini yake ya kupimia begani, na mwaka 1984, bila kutumwa na mtu, aliupima mto wetu pale kwenye kivuko, akapata mita sitini na mbili, namba ambayo sisi watoto wake tuliijua kabla ya kujua umri wetu. Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1982, 1985 na 1991, na wajukuu watano.

Tarehe 31 Oktoba 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo hili. Mama aliridhia kwa sharti moja, kwamba iwe kipindi kimoja tu, daraja lijengwe, kisha arudi nyumbani apumzike, na baba alikubali shangazi akiwa shahidi.

Kwa msiojua taratibu za Bunge, mbunge akishajibiwa swali lake la msingi, huruhusiwa kuuliza jingine dogo la nyongeza. Maswali ya msingi ya marehemu yalikuwa ya nchi nzima, mbolea inayochelewa, mishahara ya wauguzi, vitabu vya shule, lakini nyongeza yake ilikuwa ile ile miaka yote, daraja letu litajengwa lini, hadi wenzake wakambatiza Mheshimiwa Nyongeza. Jibu nalo lilikuwa lile lile, kwamba upembuzi yakinifu unaendelea, na hapa nyumbani mama akiuliza kama vyombo vimeoshwa, wajukuu huitikia kwa pamoja, upembuzi yakinifu unaendelea. Mwaka 2016, akitoa salamu za rambirambi kwa familia ya mbunge mwenzake aliyefariki, alimaliza kwa mazoea, "Na je, daraja?", Spika akamwambia, "Mheshimiwa, kaa chini, marehemu hana wizara."

Kipindi kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Mama akimuuliza, "Utapumzika lini, baba watoto?", alijibu, "Bunge likiahirishwa, mwalimu." Bunge liliahirishwa mara nyingi, na kila mara alirudi na begi la makabrasha, akasinzia mezani miwani ikiwa usoni.

Februari 2019 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ya makao makuu, kwa gharama za Bunge. Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja fundi cherehani, mcheshi, aliyemtania kwamba suti zake zinamvaa yeye badala ya yeye kuzivaa, na siku moja kitanda kile kikawa kitupu, baba akamuuliza muuguzi fundi yuko wapi, naye akajibu kwamba fundi ameshindwa kulipia. Marehemu hakula siku ile. Hapo ndipo kilipotoka kifungu chake katika muswada wa bima ya afya, kwamba asiye na mshahara naye asafishwe figo, tena katika hospitali ya wilaya yake.

Hapa mama amesema tusiruke kitu. Wiki ya kupitisha muswada, marehemu aliitwa pembeni kwenye ujia wa Bunge, akaambiwa achague, aondoe kifungu chake au asahau daraja lake katika bajeti ile. Alikibakisha kifungu, sheria ikapita tarehe 21 Novemba 2023, na daraja likaondolewa. Wengi wenu hapa mlimzomea kwenye mkutano wa Desemba, mama mmoja muuza vitenge akasimama akamwambia, "Umetuuza, mwanangu," naye akajibu, "Nimechoka, mama, lakini sijawauza." Familia haina kinyongo, ila iliumia, na inasema hivyo.

Mashine za kusafisha damu zilisimikwa katika hospitali yetu ya wilaya, upande ule wa mto, tarehe 3 Machi 2025. Marehemu aliomba ruhusa ya Spika, akarudi nyumbani, akawa anavuka kwa mtumbwi kwenda kusafishwa, akiwasalimia wagonjwa wenzake kitanda kwa kitanda, na mama anasema hajawahi kumwona ametulia vile. Tarehe 5 Aprili mvua kubwa ilianza, mtumbwi ukashindwa, barabara ya kuzunguka ikakatika, helikopta iliyoombwa haikuweza kuruka. Kwa siku tisa hakuvuka. Tarehe 14 Aprili, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa kitini kwake dirishani, alimuuliza mama maji yamefika wapi, mama akamwambia yameshuka, na huo ndio uongo pekee ambao mama anakumbuka kumwambia, naye baba akafumba macho.

Familia inawashukuru madaktari wa hospitali zote mbili, muuguzi aliyesimama ng'ambo na mwavuli kila asubuhi akipiga simu kuuliza kama tunaweza kujaribu, mvushaji aliyejaribu mara mbili na mtumbwi ukapinduka, majirani waliopika na kufagia, na wabunge wenzake waliofika.

Kwa kawaida yake, hapa ndipo angesimama tena na kuomba nyongeza. Waziri wa ujenzi tunaye mstari wa mbele, suruali imekunjwa, viatu viko mkononi, maji bado yanamchuruzika. Mheshimiwa, karibu, umevuka na umeona mwenyewe, familia haina swali la nyongeza.

Baba, Bunge limeahirishwa. Mwalimu anasema sasa pumzika.