Gonga Mara Moja

Fungeni huo mlango kwanza, wanangu, na huyo anayechungulia dirishani aambiwe shangazi bado hajakufa, arudi jioni. Ha! Msinichekeshe, nikicheka hizi mbavu zinanikata kama kisu cha marehemu mume wangu. Kasim, kaa hapa karibu. Safiya, wewe na hilo tumbo usikae chini, mwambie mumeo akupe kiti. Karambu, jirani yangu, kaa hapo mlangoni, wewe ndiye shahidi, na usisinzie kama unavyosinziaga kanisani.

Sasa mniapie. Maneno ya leo hayatoki kwa hizi kuta, isipokuwa yale nitawatuma mseme. Kasim, watu huapa kwa maziwa ya mama. Wewe ya mama yako hukuyaonja, kwa hivyo apa kwa maziwa ya yule mbuzi wangu mweupe aliyekulea. Sema wallahi. Sauti! Hata yule mbuzi alikuwa anakushinda sauti. Haya, imetosha.

Sikilizeni wanangu. Mimi ndiye Mwanatatu, redio ya Laare isiyotaka betri. Siri ukinipa asubuhi, sokoni wanaijua kabla chai ipoe. Lakini iko moja nimeikalia tangu huyu Kasim akiwa wa kubebwa kwa shuka, na imeniuma tumboni kushinda hata hizi figo. Leo naitapika, kwa sababu jana nilikusikia, Kasim. Ulidhani nimelala. Figo ndizo zimelala, masikio yako macho! Ulimwambia mkeo, "Shangazi akifunga macho, ile ploti ya barabarani tunampa tajiri ajenge banda la kufungia miraa, na yule mzee Mwongera atoe kigari chake kibovu pale, ametuaibisha vya kutosha."

Mzee Mwongera. Najua mnavyosema sokoni, ati ni mchumba wangu, ati ndiyo maana anakaa kwa ploti yangu mchana kutwa na pikapu yake, anaifuta vioo, anaipasha moto injini, na haendi nayo popote mpaka mgonjwa aletwe, na hata akimbeba hataki nauli. Ha ha! Mchumba! Huyo mzee hata mkono wangu hajawahi kushika. Wacheni kwanza, nitarudi kwake. Nipe maji, Safiya. Kidogo tu, daktari alisema kidogo.

Hiyo ploti haiuzwi. Hiyo ploti ni ya zahanati. Kasim, usikunje uso, funika mdomo, mwenye kufa hakatizwi. Unakumbuka Muthamia wa kamati alivyosimama kwa mkutano, tumbo mbele, akatuambia, "Nyinyi watu wa madukani, zahanati mtajengewa wapi? Hamna shamba la kutoa. Serikali inaleta nesi na dawa pale watu wametoa shamba." Watu wakapiga makofi! Sisi tumezaliwa hapa, wazee wetu wamezikwa hapa, nyama ya harusi zao zote imetoka kwa bucha yetu, lakini ikifika habari ya dawa tunakuwa wageni waliokuja na basi. Mtu wa Kaaga, kule Meru mjini, akishikwa na tumbo anavuka barabara tu, yuko kwa daktari. Mwenye figo kama zangu kule mjini analala kwake na kwenda kwa mashine kwa miguu. Mimi nilikuwa nateremka mpaka Meru, nikirudi nimechoka kushinda nilivyoenda, mpaka nikasema basi, wacha nife nimekaa kwangu. Kwani damu ya mtu wa Laare inachujwa na upepo? Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na aliye karibu na hospitali hajui barabara ina urefu gani.

Lakini si haya yangu yanayonikasirisha hivi. Mimi nimekula chumvi. Ni mama yako.

Uliambiwa Latifah alikufa akikuzaa, kudra ya Mungu, ukasema amina. Mungu asingiziwe mpaka lini? Sikiliza. Uchungu ulimshika mama yako asubuhi, na mchana ukawa umekwama, mtoto hatoki, macho yake yamegeuka. Mkunga akasema hii si yangu, hii ni ya hospitali ya kupasua. Hapa kwetu hakukuwa na nesi wala gari, isipokuwa gari za aina moja, pikapu za miraa, zinazoteremka mbio kama zimeiba, kwa sababu jani likichelewa linanyauka na mnunuzi hulikataa. Polisi wenyewe huzipisha! Baba yako Jamaldin akamwendea tajiri mwenye mzigo, akampigia magoti, ndugu yangu yule, mtu mzima na aproni ya bucha bado iko kifuani. Tajiri akamwambia, "Mwanamke wa uchungu hapandi juu ya mali yangu. Damu ya uzazi inanyausha majani." Hivyo ndivyo walikuwa wanaamini wakati huo.

Basi tukafanya nini? Karambu, sema ukweli, tulifanya nini? Haya, usilie, nitasema mimi. Karambu alishika panga akaangusha majani ya migomba yake yote, tukamfunga Latifah kama bunda la miraa, kichwa mpaka miguu, tukaacha pa kupumulia. Wapakizi walikuwa vijana wetu, wakajifanya hawaoni. Ha! Mimi nilicheka, wallahi, na yeye mle ndani ya majani alicheka, akaniambia, "Wifi, wakiniuza Nairobi waitishe bei nzuri." Nikamwambia anyamaze, mabunda hayaongei. Na alinyamaza. Hilo ndilo linaniua mpaka leo, kwamba mwanamke amebanwa na uchungu wa kufa akauma jani la mgomba asilie, ndiyo asitupwe barabarani.

Jamaldin akapanda nyuma akamlalia kama mpakizi anayelinda mzigo. Dereva hakujua kitu, yeye alipewa gari limejaa, akakanyaga. Ile hospitali kubwa ya Meru iko hapo hapo kando ya lami. Mpango ulikuwa wakifika langoni Jamaldin agonge gari, dereva asimame. Wakafika. Jamaldin akaona lango, akaona mpaka wauguzi wamesimama kivulini na nguo zao nyeupe. Akagonga. Akagonga kwa ngumi zote mbili, bila kupumua, du-du-du-du, kama mtu anayebomoa mlango wa nyumba inayowaka.

Na gari likaongeza mwendo.

Kasim mwanangu, shika mkono wangu. Kwa gari la miraa, kugonga mara moja ni simama. Kugonga mfululizo ni kanyaga, mnunuzi anangoja, njia ni nyeupe. Kila mpakizi anajua. Lakini baba yako alikuwa muuza nyama, angejulia wapi? Alivyoona lango linabaki nyuma ndivyo alivyozidi kugonga, na alivyozidi kugonga ndivyo dereva alivyozidi kukanyaga, akisema moyoni, leo nimepata mpakizi mwenye haraka. Mpaka mteremko wa mbele kabisa, pale dereva aliposikia mtoto analia kwa mzigo. Alikuwa ni wewe. Ulikuwa umelala ndani ya majani, mzima, na mama yako alikuwa amenyamaza bado, kama nilivyomwambia.

Jamaldin alikufa wewe ukiwa bado wa kubebwa, akidhani dereva alikataa kusimama. Alimlaani mpaka mwisho. Na mimi niliwacha alaani, nilikuwa sijajua bado, na hata ningejua, ningemwambia nini? Kwamba ni mkono wake? Msimwambie mtu hata mmoja, ndicho kiapo hicho, sitaki soko likae chini likipima mkono wa ndugu yangu. Na nyinyi msiupime. Kosa si la mkono. Kwani mtu lazima ajue lugha ya miraa ndiyo mke wake afike kwa daktari? Kwani lazima binadamu avae majani ndiyo apishwe barabarani? Hilo ndilo mmuulize Muthamia! Mwendeeni na hati ya ploti mkononi, mbele ya mkutano, mwambieni, shamba hili hapa, la watu wa madukani, sasa tuonyeshe nesi. Akisema kesho, kaeni. Akisema wiki ijayo, kaeni hapo hapo mkapike.

Ngoja... ngoja nipumue.

Bucha ni yako, Kasim, na visu vyote, ila usipunje maskini kwa mizani. Nyumba hii ni ya Safiya, jina lake, si lako. Nina deni moja, migomba ya Karambu, haikulipwa kamwe. Pandeni mingine mpakani. Mimi nizikeni leo leo, msingoje watu wa Nairobi, na pilau isikose nyama, nitaaibika.

Na zahanati haitajengwa kwa usiku mmoja, lakini tumbo la Safiya halingoji kamati. Kwa hivyo kile kigari kisiguswe. Kikae pale pale mpaka siku nesi atakapofungua mlango. Safiya mama, uchungu ukianza usione haya, tuma mtu hata kukiwa mchana wa jua kali. Ukae mbele, kwa kiti, kama mtu. Na lango likionekana... gonga mara moja. Moja tu.

Njoo nikushike kichwa. Mungu awape uzazi mwepesi, awape barabara fupi. Asiwanyime... sauti. Amin. Semeni amin.

Kasim. Mpelekee chai pale nje. Iwe na maziwa. Usimuulize kitu, ataanza kulia, ni mzee. Aliacha kuendesha miraa siku ile ile. Alikuja hapa Jamaldin akiwa ameshazikwa, akasimama kwa mlango huu, akasema yote, akaniuliza aweke wapi gari. Ndiye aliniambia. Dereva mwenyewe.

Mwongera.