Mzee Kijani Anaikabidhi Skrini

Mwishoni mwa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa chumba cha mitambo anastaafu. Jina lake kamili analijua afisa utumishi. Sisi wengine tumemjua kwa jina la Mzee Kijani, na hata hati ya mshahara ingeandikwa hivyo, asingelalamika.

Alianza akiwa kijana wa kubadilisha kanda za kuhifadhia data, enzi ambazo seva ya kampuni ilipewa kiyoyozi nasi wafanyakazi tukijipepea kwa majalada. Mashine yenyewe si ya kutisha wala si ya kubebwa kwapani. Ina kimo cha friji, na ndiyo inayoendesha stoo, ankara na mishahara. Baadaye ikaongezewa huduma za mtandao: programu ndogondogo zinazofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, zikipokea oda kutoka kwenye simu za wenye maduka na kuwajibu kama mzigo upo. Kuzichunga hizo ndiyo ikawa kazi ya Mzee.

Alizichunga kwa skrini. Aliipigania kwenye bajeti mpaka ikanunuliwa, akaitundika mkabala na mlango. Huduma iliyo hai ilionekana kwa rangi ya kijani, iliyokufa kwa nyekundu. Nyekundu ilikuwa adimu, na utawala ulifurahi kiasi cha kuwaleta wageni waje kuitazama kijani. Sisi wa dawati la simu tulipomweleza kwamba wenye maduka wanalalamika, alituelekeza kwa upole tuwashauri wakazime simu zao na kuziwasha. Aliamini dawa hiyo inatibu kila kitu. Aliwahi kuipendekeza hata kwa lifti, akiwa amekwama ndani yake.

Ikafika siku ya ziara ya wajumbe wa bodi. Mzee alikuwa katikati ya maelezo mkewe alipoingia, mfuko begani. Mama huyu ana duka la vyombo vya nyumbani na ni mteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa amempigia mumewe asubuhi nzima bila kupokelewa. Akawasalimia wajumbe kwa adabu, kisha akanyoosha mkono wenye simu.

"Baba watoto, naagiza ndoo tangu asubuhi. Kiduara kinazunguka tu."

"Mama, huduma ziko hai. Tazama mwenyewe, kijani tupu."

"Hai sawa. Mbona hazinijibu?"

Wajumbe wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana mmoja wao alijaribu kwa simu yake, nayo ikazunguka vilevile. Ndipo ikabainika kwamba skrini ilikuwa ikiiuliza seva swali moja tu: programu ipo? Nayo ilikuwepo, kama baadhi yetu tunavyokuwepo kazini Ijumaa mchana. Mzee, shingo imelowa jasho ndani ya chumba chenye baridi, akaagiza huduma izimwe na kuwashwa upya. Oda zilizokwama zikamiminika kwa pamoja. Mkewe, kwa jinsi alivyobonyeza na kubonyeza, akaletewa ndoo za kutosha mtaa mzima.

Wiki hiyohiyo Mzee aliketi na mtengeneza programu wetu, wakabadili ukaguzi. Sasa kila huduma ikawa inaulizwa swali la kweli, kama angeuliza mwenye duka: ndoo ni bei gani? Isipojibu upesi, inakuwa nyekundu. Asubuhi ya kwanza ukuta mzima ulikuwa mwekundu. Utawala ukaunda kamati, na kamati, baada ya chai ya kutosha, ikapendekeza nyekundu igeuzwe waridi ili wageni wasishtuke. Mkurugenzi akamwita Mzee na kumkumbusha kwamba suala la yeye kuwa meneja lilikuwa bado mezani. Katibu muhtasi, aliyekuwa akipanga vikombe, ndiye anayetusimulia jibu lake: "Mkurugenzi, mimi pambo ukutani sitaki tena. Mke wangu anaweza kuingia wakati wowote."

Umeneja ukaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Siku hiyo Mzee alikula chakula cha mchana peke yake, jambo ambalo si kawaida yake. Alipomaliza alirudi chumbani na kuanza kuzirekebisha huduma, moja baada ya nyingine, kwa miezi kadhaa. Simu za malalamiko zikapungua mpaka sisi wa dawati tukaanza kuhofia ajira zetu.

Sasa anahamia dukani kwa mkewe, ambaye ametufahamisha kwamba atamchukua kwa majaribio kwanza, na habari za cheo zitazungumzwa baadaye. Hapa kwetu nafasi yake itazibwa na jopo.

Mzee wetu, asante kwa kuwasikia wateja, ingawa sisi ulichelewa kutusikia. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku zisizo na vikao. Simu yetu ikiita, usihangaike, umestaafu. Ikiita tena, tafadhali pokea.