Alikula Mbele ya Wenye Feza

Bandugu yangu, bamama na bababa, mbele ya kufungua hii sanduku yetu ya akiba, muniache niseme. Jina ya ule mwenye alikula feza yetu sitataja. Kinywa yangu nimeisafisha asubui, siwezi kuichafua tena.

Munajua bwana yangu alikufa, akaniachia mutumbwi moja hapa Baraka, pa ziwa. Nikauzisha. Ile feza ilikuwa ya kusomesha batoto, sikuwa na ingine. Njo akakuja bwana mukubwa, viatu ya kungaa, kravati mu jua kali. "Mama, feza yako inalala bure. Mulete bote, nitaitia mu kazi ya bantu, kisha tutagawa faida." Tukaleta, siye bamama ba kuuzisha ndagala, zile samaki ndogo. Yeye? Hata franka moja hakutia! "Mi natia akili," akasema. Akili! Nawaambia, ile akili naitafuta mupaka leo.

Akasema kila mwaka atakata kidogo juu ya kutuchungia feza. Na faida ikitoka, fungu moja kwa tano ni yake. Tulipiga makofi, bandugu. Mi nilipiga kushinda bote.

Feza ikaenda pa kazi tatu. Mawese ya Lubondja ikaleta faida. Ngombe za Minembwe zikakufa. Sabuni ya Kilembwe, hata povu haikutoa. Bwana mukubwa akakata fungu yake mu mawese, akanunua moto, pikipiki mupya. Na ngombe? Na sabuni? "Ah mama, kila kazi iko na hesabu yake. Ile hasara ni yenu." Faida tunagawa naye, hasara tunabeba siye. Mwizi wa kravati, aksanti sana!

Nilianguka, bandugu. Batoto bakafukuzwa ku masomo. Nikabeba mihogo ya bantu mugongoni, na pa soko bananicheka, sawa vile mi mushirika wa bwana mukubwa: "Asosie, biro yenu iko namna gani?"

Siku moja nikapita pa bavuvi benye balinunua mutumbwi yangu. Mwezi ilikuwa imekuwa kubwa, hakuna kuvua, balikuwa banagawa. Feza za usiku muzuri na za usiku mubaya, zote mu beseni moja. Bakatoa feza ya mafuta ya mashini, kisha kila muntu fungu yake. Nikasimama pale, machozi inatoka juu ya kasirani. Mi bibi wa muvuvi, hii desturi niliikuta mu nyumba yangu!

Nikaita bamama. Tukaenda pa biro, ofisi ya bwana mukubwa. "Weka mawese, ngombe na sabuni mu beseni moja. Turudishie yetu kwanza, kisha ukate yako."

"Mama, we haukusoma hii mambo."

"Kusoma njo kula mbele ya wenye feza?"

Akafunga mulango. Siye tukaanika ndagala mbichi pa kizingiti yake. Wee! Bageni bake bote bakakimbia na pua mukononi. Siku ya tatu akatoka, kravati hakuna, akauzisha ile moto, akaturudishia feza. Haikurudi yote, lakini batoto yangu balirudi ku masomo.

Aksanti bamama benye mulikaa na mi pale pa jua. Aksanti bavuvi, benye hawakujua kama bananifundisha. Na hapa kwetu, mwenye kushika sanduku atie yake mbele, akule nyuma ya bote.

Mama wa funguo, we mwenye kutushikia sanduku, simama. Ya kwako umetia? Onyesha bantu. Haya, sasa fungua.